Masika ya Miguu Kumi na Miwili

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu wa chuo ametuamuru kila mmoja awe na daftari na aandike habari za mradi wake mpaka muhula uishe. Anasema ripoti huandikiwa wakubwa, na wakubwa huandikiwa wanachopenda kusikia. Daftari ni la mwenyewe, kwa hiyo tuandike ukweli.

Haya, ukweli ndio huu. Nina miaka thelathini na tisa, kazi yangu ni kutengeneza miguu ya bandia, na leo nimekaa darasani na vijana wa umri wa kuwazaa, kujifunza usimamizi wa miradi ya kompyuta. Kiti kilikuwa kidogo. Nimejaza ukurasa mzima wa maneno nisiyoyaelewa, na pembeni nimechora goti.

Karakana yetu iko nyuma ya hospitali, kati ya stoo ya mitungi ya gesi na jengo la kufulia. Mwezi uliopita mganga mkuu aliniita ofisini kwake akaniambia hospitali imepata mashine inayochonga kwa kufuata kompyuta. Vipimo vyote vilivyo kwenye kadi zetu vitaingizwa humo. Mgonjwa wa mbali ambaye mguu wake umechakaa hatasafiri tena mara nne. Atapiga simu, mguu utachongwa kutokana na kadi yake, atakuja siku moja kuuvaa na kurudi kwake. Ifikapo tarehe thelathini Mei, watu kumi na wawili wawe wamevaa miguu ya namna hiyo na iwe imewakaa sawasawa. Isipowakaa, mashine itahamishiwa hospitali kuu na karakana itafungwa. Hospitali kuu ni safari ya siku mbili kwa basi, na wanaotuhitaji sisi ndio watu wasioweza kusimama siku mbili.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza.

"Kwa sababu kazi unaijua," akasema. "Hayo mengine utafundishwa."

Alhamisi, 6 Machi

Somo la leo: wadau. Yaani kila mtu anayeguswa na mradi. Nimeorodhesha kumi na tisa, hadi mlinzi wa geti, kwa sababu mashine haitapita getini bila ugomvi. Mwalimu alipita nyuma yangu akasoma, akauliza, "Umemsahau nani?" Nikamwambia hakuna. Akacheka, akasema kila mtu humsahau mmoja. Walimu wanapenda mafumbo.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda karakana peke yangu kuhesabu vifaa. Mvua bado, ila hewa imeshakuwa nzito na mlango wa mbao umevimba, unafunguka kwa bega kama zamani.

Nilikaa kitako kwenye benchi la plasta na vifaa sikuvihesabu. Nilikuwa na miaka kumi baba alipopata ajali ya lori na kukatwa mguu chini ya goti. Alipopewa wa bandia, kwa zaidi ya mwaka mmoja tulikuja hapa kila Jumamosi, mimi na yeye, kwa kuwa mguu ulikuwa unambana. Fundi Mkuu, aliyeiongoza karakana enzi hizo, alikuwa akinipa donge la plasta bichi, nami nafinyanga vikombe, nyumba, ng'ombe wenye miguu minene. Baba anakaa kwenye kile kiti cha chuma, suruali imekunjwa, anasoma gazeti la wiki iliyopita. Vumbi jeupe kila mahali. Harufu ya gundi na ngozi, na redio ndogo inayokoroma dirishani. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena, na naona aibu kuiandika, maana kilichotuleta hapa kilikuwa msiba.

Vifaa nitahesabu Jumatatu.

Jumatano, 12 Machi

Fundi Mkuu alipita karakana. Amestaafu miaka miwili sasa. Alinikuta kikaoni na watu wa umeme. Nikamwambia anisubiri kidogo. Kikao kikachukua saa mbili. Nilipotoka alikuwa bado kwenye benchi la wagonjwa, kofia mapajani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Nimesikia mnaleta mashine. Nikasema nije, labda nina la kuwaambia."

Nikamjibu kwamba safari hii ni mambo ya kompyuta tu, asijisumbue, nitamwita siku ya sherehe. Alivaa kofia yake akaaga. Kengele, dada yetu wa mapokezi, aliniangalia kwa jicho ambalo sikulielewa. Nilikuwa na mambo mengi.

Jumatatu, 17 Machi

Amefika mtaalamu wa programu. Ni kijana mwembamba mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake. Kila swali analijibu, "Bofya tu hapa." Mpaka saa sita alikuwa ameshapewa jina: Bofya. Mimi ananiita Mama Mradi. Nimemkataza, hasikii.

Alhamisi, 20 Machi

Kazi ya nyumbani: andika mahitaji ya mradi. Kila hatua ya kazi yako, hata ile ndogo, kana kwamba unamwelekeza mtu asiyewahi kuona mguu. Nimewahoji wenzangu wote, nimemhoji Kengele, nimemhoji hata dobi anayefua soksi za vigutu. Kigutu ni ile sehemu ya mguu iliyobaki, na ndiyo inayoingia ndani ya kikombe cha juu cha mguu wa bandia. Kikombe kikilegea, mtu anatembea kama amevaa ndoo. Kikibana, ngozi inachubuka na hatembei kabisa. Kazi yetu yote ni hicho kikombe.

Nimepata hatua arobaini na moja. Mwalimu amelisifu daftari langu mbele ya darasa. Nimerudi nyumbani nimevimba kichwa, mama akauliza kama nimepandishwa cheo.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imeanza.

Alhamisi, 27 Machi

Nimejaribu huku karakana tulichofundishwa Jumanne: kikao cha kusimama, dakika kumi na tano kila asubuhi, hakuna kukaa, ili watu wasirefushe maneno. Kengele, ambaye mguu wake wa kushoto nilimtengenezea mwenyewe miaka tisa iliyopita, alinyoosha mkono.

"Shoga yangu, mimi nasimama kwa mguu mmoja wako na mmoja wa Mungu. Nianze na wa nani?"

Kikao kiliishia hapo kwa kicheko. Kesho tutakaa.

Ijumaa, 4 Aprili

Kadi zote zimeingia kwenye kompyuta: mia sita na kumi na mbili. Nusu ni mwandiko wa Fundi Mkuu, herufi zilizolala upande mmoja, na nusu ni wangu. Nilipoipata kadi ya baba niliishika muda mrefu. Mbele ina vipimo, nyuma ina mistari: *kurekebisha, kurekebisha, kurekebisha*, Jumamosi moja baada ya nyingine. Nimeiingiza pia, ingawa baba amefariki mwaka wa nane sasa. Bofya aliona tarehe akataka kuuliza, halafu akafungua kadi iliyofuata. Ana adabu kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 11 Aprili

Mashine imechonga kikombe cha kwanza. Dakika ishirini na mbili. Sisi humaliza siku mbili na nusu kwa tupa na msasa, na jioni unakohoa unga. Wenzangu walisimama wameizunguka. Nilifurahi, na hapohapo nikahisi kama nimefiwa.

Nimempelekea mganga mkuu ripoti: vipimo vyote vimehakikiwa, mradi uko ndani ya ratiba.

Jumanne, 22 Aprili

Wamekuja wanne wa kwanza kati ya wale kumi na wawili. Kwa wote wanne kikombe kinabana. Wa kwanza hakikupita kabisa. Wa pili kilipita kwa kusukuma, akatembea hatua sita akashika ukuta. Nimesema ni joto, miili inavimba.

Jumatano, 23 Aprili

Wengine wanne. Wanabanwa. Leo kulikuwa na baridi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilimsubiri mwalimu baada ya darasa nikamweleza. Nilitaka aniambie jina la kosa, maana ana majina ya kila kitu. Badala yake aliuliza, "Umempimaje mgonjwa?" Nikamwambia kwa utepe, kama kawaida. "Kama kawaida ya nani?" Nikaona ananichezea nikaaga. Mvua ilininyeshea mpaka nyumbani kwa sababu ya hasira. Mwavuli nilikuwa nao mkononi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimegombana na Bofya. Nimemwambia programu yake imeandikwa na watu wasiojua mguu, akaniambia kompyuta inakula inacholishwa. Nikamuuliza kama anataka kusema nimeilisha uongo. Akasema, "Dada, mimi sijasema hivyo, ila umesema wewe." Leo hakuniita Mama Mradi.

Zimebaki wiki tano. Mzee mmoja mfuga nyuki, aliyejaribishwa Jumatano, alipanda basi alfajiri kwa ajili yetu akarudi na mguu wake wa zamani uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Hakulalamika. Laiti angelalamika.

Jumatatu, 28 Aprili

Naiandika siku hii yote, hata iwe ndefu.

Asubuhi alikuja mama mshonaji, wa tisa katika orodha. Ana cherehani ya kukanyaga, na bila mguu hakuna kukanyaga. Alijaribu kuvaa, akauvua, akauweka mezani taratibu.

"Mdogo wangu, huu mguu una mwenyewe. Nahisi anautafuta."

Nikachukua utepe, nikampima mzunguko wa kigutu. Thelathini. Nikaangalia kadi: thelathini. Bofya akaangalia kompyuta: thelathini. Akafungua mikono kama kusema, mimi nimemaliza. Basi, kwa kunichokoza au kwa kuchoka, akachukua utepe akapima mwenyewe, ameinama kama anapima bomba.

"Thelathini na moja na nusu," akasema.

"Hujui kupima."

"Utepe si ndio huo huo?"

Akarudia. Thelathini na moja na nusu. Kengele akaitwa kutoka mapokezi, akapima: thelathini na moja na nusu. Nikampokonya, nikapima: thelathini. Mama mshonaji akasema, "Naomba mkubaliane, nyama yangu inapata baridi."

Bofya hakucheka. Alichuchumaa karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Dada, rudia. Polepole, nikuone mkono."

Nilirudia. Nilibonyeza nyama kwa dole gumba, nikazungusha utepe, nikauvuta mpaka ulipokaa. Nikaangalia. Utepe ulionyesha thelathini na moja na nusu, nimeuona kwa macho yangu haya. Mdomo wangu ukasema, "Thelathini."

Hata mimi nilichelewa kuelewa.

Nieleze kwa ajili yangu mwenyewe. Nyama ikibebeshwa uzito inajikusanya, kwa hiyo kikombe kinachotoshana kabisa na kigutu kitapwaya ukisimama. Lazima kiwe kidogo kuliko kigutu. Kiasi gani, inategemea nyama: laini inapunguzwa zaidi, ngumu kidogo. Fundi Mkuu alinifundisha hivyo tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na hatukuwahi kuita kupunguza. Tuliita kupima. Unabonyeza, unavuta, unasema namba iliyopungua tayari, na namba hiyo ndiyo inakwenda kwenye kadi. Katika hatua zangu arobaini na moja zilizosifiwa, ya saba inasema: *Pima kigutu, andika.* Niliwahoji wote isipokuwa mimi. Mganga hajigangi.

Na programu nayo inapunguza, sehemu nne katika kila mia, kwa kuwa walioiandika wanapima kama Bofya. Kila mguu umepunguzwa mara mbili.

"Si neno," Bofya alisema. "Tunaizima ile ya programu, tunatumia kadi zilivyo."

Kwa saa nzima tuliamini hivyo. Kisha nikakumbuka. Mimi niliwahi kuwapunguzia wenye nyama laini mpaka sentimita mbili. Fundi Mkuu mkono wake ulikuwa mwingine. Na miaka ya katikati, mgonjwa mmoja alipimwa na yeye juu na mimi chini. Kadi mia sita na kumi na mbili, na hakuna hata moja inayosema mwili wenyewe ulikuwa na ukubwa gani. Kwa mkono wa fundi zilitosha, maana mkono ulisahihisha njiani. Mashine haisahihishi. Inatii.

Mama mshonaji alisubiri mpaka mvua ikakatika. Nilimvalisha mguu wake wa zamani, nikamwomba radhi. Akanigonga begani, akasema yeye pia aliwahi kumkatia bibi harusi gauni likawa la mdogo wake.

Jumanne, 29 Aprili

Sikwenda darasani. Mama alinipikia uji akakaa mbele yangu mpaka nikaumaliza. "Unamkimbia nani?" akauliza. Nikamwambia simkimbii mtu. "Basi nenda kwake," akasema.

Jumamosi, 3 Mei

Nilikwenda kwa Fundi Mkuu. Nilibeba kadi za wale kumi na wawili ndani ya mfuko wa nailoni, na njia nzima nilifanya mazoezi ya kuomba msamaha.

Nilimkuta sebuleni, televisheni imewashwa bila sauti, anashona mkanda wa begi la shule la mtoto wa jirani. Vidole vinatetemeka sasa, lakini sindano inapita palepale anapotaka. Nikamwamkia, akaitikia, hakunyanyua uso.

"Kikao kimeisha?" aliuliza.

Nikasema, "Fundi, nilikukosea. Ulikuja na neno, nikakuacha kwenye benchi la wagonjwa saa mbili, halafu nikakufukuza kwa tabasamu."

"Hukunifukuza. Uliniambia nitaitwa kwenye sherehe." Akakata uzi kwa meno. "Nilinunua shati."

Nikamweleza yote: mara mbili, kadi, tarehe. Alisikiliza, kisha akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikakasirika, nikamuuliza kwa nini miaka yote ile hakuandika pahali popote kwamba anapunguza. Angeandika neno moja tu juu ya kadi, nisingekuwa hapa.

"Ningemwandikia nani? Aliyekuwa anazisoma ni mimi, na baadaye wewe. Wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua nini, wakati sikujua kama najua?"

"Hilo ndilo nililokuja kukwambia," akasema. "Kwamba utasahau. Mimi mwenyewe nilishasahau, mpaka nilipomfundisha mwanafunzi wangu wa mwisho."

Alichukua kadi akaanza kuzipitia, huyu nyama laini, huyu mfupa mtupu, huyu kupunguza upana wa kidole kimoja, kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Nikaandika kila neno. Alipofika kwa mama mshonaji akasema, "Huyu sikumpunguzia kitu." Nikaacha kuandika. Nilikuwa nimempima Jumatatu. Alipunguziwa sentimita moja na nusu kamili. Nikamwambia. Akaishika kadi mbali, akaisogeza karibu, akaiweka chini.

"Basi zote usiziamini," akasema. "Nilidhani nawakumbuka."

Nilimwona ameumia, nami nikaumia. Nimemwogopa na kumpenda mtu huyu tangu nikiwa na miaka kumi, na nilikuwa nimekwenda kwake ili awe kadi mpya, isiyokosea. Nikamwambia tutawapima upya wote, mmoja mmoja, kazi si yake tena kukumbuka. Akazikusanya kadi, akanirudishia.

"Kadi hazisemi kweli, binti. Hata ya baba yako. Umeisoma nyuma?"

"Nimeisoma. Marekebisho sitini na matatu."

"Ya kweli ni mawili. Mguu wa baba yako ulimkaa tangu mwezi wa pili. Alikuwa anakuja, anasema unabana, mimi nauvua, nauzungusha, naupuliza vumbi, namrudishia. Anasema, asante, Fundi, sasa afadhali."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu tangu ajali ulikuwa huongei. Nyumbani hukusema neno, shuleni hukusema neno. Siku ya kwanza nilipokupa plasta uliniuliza kama ng'ombe wana magoti. Baba yako alikuwa amekaa pale na gazeti lake, na nikaona amelipandisha mpaka machoni."

Nililia kwenye sofa ya watu. Mimi kimya kile sikikumbuki kabisa. Nakumbuka Jumamosi tu, na miaka yote nilidhani nilikuwa namsindikiza yeye.

Jumapili, 4 Mei

Nimemuuliza mama kama alijua. Akasema, "Nani alikuwa anawafungashia chakula? Mtu wa kurekebishwa mguu dakika tano anabeba chakula cha mchana?"

Ijumaa, 9 Mei

Wiki nzima Fundi Mkuu yuko karakana na hatupumui. Kiti si chake, chai ni baridi, tupa zimetunzwa vibaya. Bofya anamfuata na kompyuta kama mtoto anayemfuata muuza karanga.

Bofya: "Mzee, nyama laini ni laini kiasi gani?"

Fundi: "Ukiishika utajua."

Bofya: "Kompyuta haishiki."

Walikwama hapo siku mbili. Jumatano Kengele akachoka, akavua mguu wake, akaweka kigutu chake juu ya meza yao. "Bonyezeni, mhesabu." Fundi Mkuu akabonyeza kwa dole gumba, akaachia, na sote tukaona: kishimo kilibaki, kikajaa taratibu. Moja, mbili, tatu. Akabonyeza pembeni penye mfupa, kishimo kikarudi kabla ya moja. Akainua macho akasema, "Kumbe ndicho ninachokisikia."

Sasa kila mgonjwa ana nafasi tatu kwenye kompyuta: kipimo cha mwili kama utepe unavyosema, hesabu ya kishimo, na kipimo cha kazi, yaani kilichokwisha kupunguzwa. Upunguzaji wa programu umezimwa; kiasi cha kupunguza anachagua fundi, na analazimika kuandika amepunguza kiasi gani na jina lake. Tumejaribu kupima bila kupunguza. Mikono yetu inakataa. Bofya anasimama nyuma yetu na kusoma utepe kwa sauti.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemwambia mganga mkuu. Nilisema ripoti yangu ya Aprili haikuwa kweli, kwamba nilihakiki kama namba zimenakiliwa sawa na sikuhakiki kama ni namba za nini. Kwamba kadi zote mia sita na kumi na mbili haziwezi kutumika zilivyo, na kila mtu atahitaji kuja mara moja apimwe upya kabla ahadi yetu ya simu haijawezekana.

"Ungeweza kuwatengenezea hao kumi na wawili kwa mkono, ukaniletea," akasema. "Nisingejua."

"Nisingelala."

Alizungusha miwani yake mezani. Akasema tarehe haisogei. Akasema pia kwamba safari hii hataki karatasi tu, atakuja mwenyewe.

Jumatano, 14 Mei

Wote kumi na wawili wamepimwa. Mfuga nyuki kaleta asali.

Alhamisi, 15 Mei

Darasani nimerekebisha orodha yangu ya wadau. Sasa ni ishirini na moja: nimemwongeza Fundi Mkuu, na nimejiongeza mimi. Mwalimu aliisoma akaweka alama ya vyema, hakusema fumbo lolote.

Jumanne, 20 Mei

Mashine imechonga vikombe vitatu. Mvua kubwa, umeme ukakatika katikati ya cha nne. Fundi Mkuu alikimalizia kwa tupa, mikono ikitetemeka, hajapunguza wala kuongeza. Tulikipima. Bofya akaomba afundishwe tupa.

Jumanne, 27 Mei

Vimekamilika. Kumi na viwili vyote.

Ijumaa, 30 Mei

Walikuja mapema wote kumi na wawili. Tuliwavalisha mmoja mmoja, na kwa kuwa karakana ni ndogo na mganga mkuu alitaka utulivu, wakatoka kukaa uani, kwenye mabenchi marefu tuliyoyapanga juani. Kulikuwa na jua zuri la baada ya mvua ya asubuhi. Fundi Mkuu alikaa nao. Alikuwa amevaa shati jipya.

Mganga mkuu aliketi kwenye kiti cha chuma, akaisoma ripoti yangu. Ni ukurasa mmoja, na chini niliacha nafasi ya saini yake. Niliandika kosa lilikuwa nini, lilikuwa la nani, na tumefanya nini. Aliisoma mara mbili. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi, na niliyafikiria mabasi, siku mbili za kwenda na siku mbili za kurudi, na mabega ya watu wanaosaidiwa kupanda.

"Umeandika vizuri," alisema. "Lakini na Aprili uliandika vizuri. Uliniambia vipimo vimehakikiwa. Leo unaniambia tena vimehakikiwa. Mimi si fundi. Nitajuaje kwamba safari hii ni kweli?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majedwali, nilikuwa na hesabu za vishimo, nilikuwa na saini kumi na mbili. Nikaona hakuna hata kimoja ambacho mtu aliyewahi kudanganywa na karatasi angekiamini, na kwa kweli hata mimi nisingekiamini. Nikamwambia, "Sijui, Daktari."

Hapo ndipo mvua ilipoanguka. Haikutangulia na upepo wala manyunyu, ilimwagika tu, kama mtu kamwaga beseni juu ya bati. Kutoka uani zikasikika kelele na mabenchi yakiburutwa. Mganga mkuu akageukia dirisha, nami nikageuka.

Walikuwa wanakimbia. Mama mshonaji alikuwa mbele, mkoba kichwani, anaruka dimbwi. Nyuma yake mfuga nyuki, na nyuma yake wengine wote, wanasukumana, wanacheka, maji yanaruka kila wanapokanyaga, na Fundi Mkuu katikati ya mvua na shati lake jipya anawapigia kelele waende polepole, na hakuna hata mmoja aliyemsikiliza. Walipita wote, kutoka mabenchini mpaka barazani. Hakuna aliyeshika ukuta.

Mganga mkuu alikuwa anawahesabu kwa midomo. Alipofika kumi na mbili akaniomba kalamu.